Yamaha, Korg au Casio? Kinanda Hununuliwa kwa Mdundo, Si kwa Wingi wa Sauti

Karatasi inayobandikwa kwenye kinanda kipya dukani huanza na namba. Yamaha PSR-E373: sauti 622, midundo 205. Casio CT-X3000: sauti 800, midundo 235. Wanakwaya waliochangishana tangu Pasaka, au kijana anayetaka kuanza kupiga harusini, husimama mbele ya namba hizo na kuona kazi imekwisha: chenye namba kubwa ndicho bora. Makala hii ni kwa ajili yao. Namba hizo mbili ndizo zinazosema machache kuliko zote, na pesa inayotumika hapo si ndogo.

Tuelewane kwanza tunazungumzia kinanda gani. Kuna piano ya umeme, kama Yamaha P-45, yenye vitufe 88 vizito na sauti chache; haina bendi ndani yake. Kuna sinthesaiza, kama Korg Kross au Roland Juno-DS, zenye sauti nzuri sana za jukwaani, lakini hazitakupa besi na magitaa yanayofuata kodi zako, yaani noti kadhaa unazozipiga kwa pamoja, wimbo mzima. Halafu kuna kinanda cha midundo, ambacho wapigaji wetu wengi hukiita kinanda tu, au kibodi. Mkono wa kushoto unashika kodi, na ndani ya chombo ngoma, besi, magitaa na vinanda vya nyuma vinaifuata, huku mkono wa kulia ukipiga wimbo. Mpigaji mmoja anasikika kama bendi nzima. Hicho ndicho kinachopigwa makanisani, kwenye harusi na kwenye kumbi ndogo, na ushindani wa Yamaha, Korg na Casio uko hapo.

Sasa, mdundo wenyewe ni nini? Wapigaji huuita staili, na hapa ndipo penye moyo wa jambo hili, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Staili si rekodi ya sauti. Ni maagizo. Katika Yamaha, staili moja ina njia nane: mbili za ngoma, moja ya besi, mbili za kodi, moja ya sauti ndefu za nyuma, na mbili za vijisolo vidogo vinavyojibu wimbo. Korg nayo ina njia nane, kwa mpangilio wake: ngoma, vigongwa vya ziada, besi, na tano za kusindikiza. Kisha staili inagawanywa vipande: utangulizi, sehemu kuu, mara nyingi nne, kuanzia iliyo tulivu hadi iliyochangamka, vijazio vya kuvukia kutoka sehemu moja kwenda nyingine, na mwisho. Kila kipande ni mizunguko michache tu inayojirudia mpaka ubonyeze kingine.

Mtengenezaji hapigi kila kipande kwa kila kodi duniani. Katika Yamaha kwa kawaida anakipiga mara moja, mara nyingi kwa kodi ya CM7, kisha anakiandikia kanuni: mpigaji akishika F, besi isogee vipi, akishika A maina, gitaa libadilishe noti ipi, na lisipande kupita kimo gani. Korg inaruhusu kipande kimoja kirekodiwe mara kadhaa kwa kodi tofauti, meja, maina, ya saba, na kinanda chenyewe kinachagua rekodi inayofaa kwa kodi uliyoshika. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwa gitaa la sebene ni kubwa. Katika sebene gitaa halisindikizi tu, linaimba. Kila noti ina mahali pake. Ukilisogeza kwa kanuni kutoka C hadi A maina bila aliyeiandika kanuni hiyo kujua lugha ya sebene, unapata gitaa linaloruka ovyo na kugusa noti ambayo hakuna mpiga gitaa wa Kinshasa angeigusa.

Lingine ni kwamba midundo ya kiwandani hutengenezwa kwa kuangalia soko. Waarabu wana Yamaha yao, PSR-A5000. Wahindi wana PSR-I500. Korg nayo hutoa vinanda vya toleo la Mashariki, kama Pa700 Oriental. Sisi wa sebene, chakacha, mugithi na taarab hatujatengenezewa kinanda chetu. Ukikuta ndani ya kinanda mdundo wenye jina la Afrika, usifurahie jina. Kaa, uupige dakika kumi, kisha umwite mpiga ngoma wa kwenu ausikilize. Chakacha, kwa mfano, hutembea kwa mapigo ya sita kwa nane, na mvuto wake wote uko katika namna ngoma moja inavyovuta nyuma na nyingine inavyosukuma mbele. Mdundo unaohesabu sita sawasawa bila mvutano huo utafaa kufundishia hesabu, si kuchezesha watu Mombasa au Tanga.

Kwa sababu hiyo wapigaji wa kwetu wamejitengenezea wenyewe. Staili za sebene, za zuku na za rege ya kanisani zinapita kwenye flashi na kwenye simu kutoka kwa mpigaji hadi kwa mpigaji, nyingine zikiuzwa, nyingine zikitolewa kwa urafiki. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji ni hili: kinanda hiki kinapokea staili kutoka nje? Kinapokea ngapi? Na ninaweza kuirekebisha humo humo?

Hapa ndipo majina yanaanza kutofautiana kwelikweli.

Yamaha hutunza staili zake kwa fomati inayoitwa SFF, na toleo lake jipya zaidi, SFF GE, ambapo GE inasimamia kazi ya gitaa: kanuni zake zinajua nyuzi, kwa hiyo gitaa likihamishwa kodi linahama kama mkono wa mpiga gitaa unavyohama. Vinanda vidogo vya ukoo wa E, kama PSR-E373 na PSR-E473, vinapokea staili chache tu kutoka nje, wala haviruhusu kuzitengeneza ndani. Ukipanda hadi PSR-SX600 unapata sehemu ya kutengenezea staili: unafuta besi usiyoipenda, unapiga yako, unahifadhi. PSR-SX700 na SX900, za mwaka 2019, zinaongeza skrini kubwa ya kugusa na nafasi kubwa zaidi ya kuingiza sauti mpya kabisa, takriban megabaiti 400 kwa SX700 na gigabaiti 1 kwa SX900. Mwaka 2024 zilifuatiwa na SX720 na SX920. Juu kabisa ipo Genos2 ya 2023, yenye vitufe 76. Sitaizungumzia, maana anayeinunua hana haja ya makala yangu.

Korg Pa zimekuwa na sehemu ya kurekodi staili kwa muda mrefu, na Pa700, iliyotoka 2017 pamoja na Pa1000, inakupa skrini ya kugusa, noti 128 kwa pamoja na spika zenye nguvu ya kutosha chumba cha mazoezi. Vitu vyote vya mpigaji, staili, sauti, sampuli na mipangilio, vinakaa katika folda moja yenye mwisho wa SET. Huo ni urahisi mkubwa: unapewa SET moja ya sebene, unaipakia, na kinanda kizima kinabadilika. Ni hatari pia. Ukipakia SET nzima ya mtu mwingine bila kuchagua vipande, staili na sauti zako zilizokuwa mahali pale zinafutwa. Kabla ya kupakia chochote, hifadhi chako kwenye flashi kwanza. Wapigaji wengi hulijifunza hili usiku wa kuamkia harusi.

Yamaha ina mlango wake uliofungwa. Vifurushi vya sauti vya SX vinatengenezwa kwa programu ya kompyuta, na programu hiyo inahitaji faili ya utambulisho inayotolewa na kinanda chako mwenyewe. Kifurushi kilichotengenezewa kinanda cha rafiki yako hakitakubali kuingia kwenye chako, hata viwe vya namba moja. Anayekuuzia «sauti za akodiani na magitaa ya Kongo» lazima akutengenezee upya kwa faili yako. Muulize hilo kabla ya kutuma pesa.

Je, staili ya Yamaha inaweza kupigwa kwenye Korg, au ya Korg kwenye Yamaha? Zipo programu za kubadilisha, na mara nyingine ngoma na besi huvuka salama. Kinachoharibika ni magitaa, na ni vizuri kujua kwa nini. Staili haibebi sauti ya gitaa, inabeba namba ya gitaa: benki fulani, sauti namba fulani. Kwenye kinanda cha kampuni nyingine namba hiyo huangukia kwenye chombo kingine, au inarudi kwenye gitaa la kawaida. Tena Yamaha ina sauti zinazoitwa MegaVoice, ambazo nguvu ya kubonyeza ndiyo inayochagua aina ya mguso: ukigonga polepole unapata uzi ulio wazi, ukizidisha kidogo unapata uzi uliozibwa kwa kiganja, ukizidisha zaidi unapata mtelezo, na noti za juu kabisa hazitoi noti bali zinatoa mkwaruzo wa vidole kwenye nyuzi. Ndani ya Yamaha hiyo ni hazina, gitaa linapumua. Ukiipeleka staili hiyo kwenye Korg bila kuisafisha, kila mtelezo unakuwa noti iliyopigwa kwa kelele, na mkwaruzo wa vidole unageuka kuwa vinoti vyembamba vinavyolia juu bila sababu. Mtu akisikia hivyo husema Korg ni mbaya. Si mbaya, imepewa maagizo yaliyoandikiwa chombo kingine.

Kutokana na hayo, msimamo wangu ni mmoja: unapochagua kinanda cha kwanza cha midundo, unachagua ukoo kabla ya kuchagua namba ya toleo. Waangalie wapigaji walio karibu nawe, unaoweza kuwafikia kwa daladala au boda. Wakiwa na Yamaha za PSR-S, zile zilizotangulia SX, au SX zenyewe, hapo kuna staili, kuna wa kukuonyesha, kuna fundi aliyeshafungua chombo hicho. Wakiwa wa Korg, vivyo hivyo. Kinanda kizuri sana ambacho wewe peke yako ndiye unacho katika mji kitakutesa, maana utaishia kupiga midundo ya kiwandani mwaka mzima.

Casio inahitaji kuzungumziwa kwa haki, maana kuna wanaoidharau bila kuijua historia yake. Mwaka 1985 muziki wa Jamaika ulibadilishwa na mdundo wa kiwandani uliokuwa ndani ya Casiotone MT-40, mdundo ulioandikwa na mwanadada wa kampuni hiyo, Okuda Hiroko. Rege ya kidijitali ya wimbo wa Sleng Teng ilitoka humo. Na hapa kwetu, mchiriku wa Dar es Salaam ulisimama juu ya vikasio vidogo vilivyounganishwa kwenye amplifaya na spika zilizopigwa mpaka zikakwaruza, pamoja na ngoma. Jagwa Music waliupeleka muziki huo hadi kwenye majukwaa ya Ulaya kwa vinanda ambavyo dukani vingeitwa vya watoto. Sasa ukoo wa CT-X, uliotoka 2018, una sauti nzuri kuliko bei yake inavyoonyesha, na CT-X3000 na CT-X5000 zinakuruhusu kutengeneza mdundo wako ndani. Udhaifu wake kwa mpigaji wa kwetu ni ule ule niliousema: staili za sebene za Casio zinazozunguka mitaani ni chache, kwa hiyo utazitengeneza mwenyewe. Mwenye subira na sikio zuri atafika. Mwenye harusi Jumamosi hii hatafika.

Roland iliwahi kuwa na vinanda vikubwa vya midundo, kama BK-9 na E-A7 ya 2015. Ukivikuta mtumba vikiwa vizima, ni vyombo vya heshima. Ketron ya Italia ni nzuri mno kwa ngoma zake zilizorekodiwa na wapigaji halisi, lakini tafuta kwanza nani atakutengenezea ikiharibika.

Kwa wapigaji wa taarab kuna kipimo kingine kinachotangulia vyote. Taarab ya Unguja, ile ya kikundi cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa 1905, imejengwa kwa ganuni, udi, fidla na akodiani, na ndani yake zimo makamu, yaani ngazi za noti za Kiarabu, zenye noti zinazokaa katikati ya vitufe viwili vya piano. Makamu ya Rast ikianzia C, noti za E na B hushushwa kwa takriban senti 50, yaani nusu ya nusu-toni. Bayati ikianzia D, E ndiyo inayoshushwa. Kinanda kisichoweza kushusha kitufe kimoja kimoja hakiwezi kupiga makamu hizo. Kitazilazimisha kuwa meja au maina, na mzee yeyote wa fidla atakunja uso. Tafuta menyu inayoitwa «Scale» au «Scale Tuning». PSR-SX inayo, pamoja na mipangilio ya Kiarabu iliyowekwa tayari. Korg Pa inayo pia, na kazi ya robo-toni unaifikia upesi, jambo linalofaa sana unapopita kutoka makamu moja hadi nyingine katikati ya wimbo. Casio CT-X zina mizani mbalimbali za kuchagua. Katika vinanda vidogo vya mwanzo, usikisie: fungua menyu hapo hapo dukani, shusha E peke yake, kisha piga C, D, E, F ukisikiliza.

Kwa kwaya, kipimo kinacholingana na hicho ni besi. Nyimbo za vitabuni zimeandikwa kwa sauti nne, na besi yake inatembea: C juu ya E, kisha F, kisha G juu ya B. Kinanda kilichowekwa kwenye kodi za kawaida husikia noti za C na kupiga besi ya C hata kama kidole chako cha chini kiko E. Wimbo unapoteza ngazi zake, na waimbaji wa besi wanavutwa kutoka kwenye sauti yao. Katika Yamaha za SX kuna mtindo wa «Fingered On Bass», na Korg ina kitufe cha kugeuza besi. Ukiwasha, besi inafuata kidole cha chini. Jaribu hili dukani kwa wimbo mmoja mnaoimba kila Jumapili. Ni jaribio la dakika mbili, na linafichua mengi kuliko orodha ya sauti 800.

Idadi ya noti zinazolia kwa pamoja ni namba nyingine inayostahili kutazamwa. PSR-E373 ina 48, PSR-E473 na CT-X3000 zina 64, SX700 na Pa700 zina 128. Noti moja unayosikia inaweza kutumia mbili au tatu ikiwa sauti imejengwa kwa tabaka. Ongeza njia nane za staili, weka mkono wa kulia piano juu ya sauti za nyuzi, kanyaga pedali: 48 zinakwisha, na kinanda kinaanza kukata noti za zamani kimyakimya. Hapo mpigaji hudhani amekosea.

Angalia pia kinavyotoka kwenda kwenye miksa. PSR-E373 ina tundu moja tu la heshima, lile la hedifoni, na ndilo hilo hilo la kutolea sauti. E473 ina matundu mawili ya kushoto na kulia na tundu la maiki. Kwa anayepiga mbele za watu, tofauti hiyo peke yake inatosha kumpandisha ngazi moja.

Umeme usisahaulike. Kwa mkutano wa nje au kijiji kisicho na umeme, kinanda cha ukoo wa E kinachokubali betri ni msaada. PSR-E373 hutumia betri sita ndogo za AA. SX hazina betri. Na adapta hazibadilishani: PSR-E hutaka volti 12, Casio CT-X700 hutaka 9.5, PSR-SX700 na SX900 hutaka 16. Plagi ikiingia haimaanishi umeme unafaa. Andika namba ya adapta kwa maka nyeupe ubavuni mwa kinanda, maana siku ya ibada kutakuwa na adapta tano mezani na mtu mwenye haraka.

Ukinunua mtumba, mambo mawili usiyaache. Kama kinanda kinachukua umeme wa ukutani moja kwa moja, soma kibandiko cha nyuma: kikiandikwa volti 100 au 120 pekee, kimetoka Japani au Marekani, na umeme wetu wa 230 utakiunguza bila kibadilisha volti. La pili ni vitufe. Chini ya kila kitufe kuna mpira wenye migusano miwili ya kaboni. Kinanda hupima muda kati ya mguso wa kwanza na wa pili ili kijue umebonyeza kwa nguvu kiasi gani. Vumbi au uchakavu ukiharibu mguso mmoja, kitufe kinalia kwa ukelele kila mara, au hakilii kabisa. Weka sauti ya piano, kisha pita vitufe vyote 61 polepole kwa mguso mwepesi, kimoja kimoja. Kitufe kinachoruka kwa kelele kitajitaja. Mpira huo hubadilishwa, na fundi anayejua kazi huumaliza mchana mmoja, lakini bei lazima ishuke.

Mimi nikiulizwa na kwaya yenye fedha za kununua E473 mpya au S au SX ya mtumba iliyo nzima, naipendelea ya mtumba, mradi tu mkoani kuna wapigaji wa ukoo huo na vitufe vimepita jaribio hilo. Anayeanza kujifunza nyumbani anatosheka kabisa na CT-X au E373. Mpiga taarab aanze kwa Korg Pa. Na anayenunua kinanda cha kupigia mbele za watu, akienda dukani, aende na flashi yenye staili tatu za muziki wake mwenyewe, aombe ziwekwe kwenye kinanda kabla ya kuzungumza bei. Zikikataa kufunguka, asubiri kingine.